Galaksi zikigongana nyota zinazaliwa kwa fujo, au tunaangalia zile chache zinazowaka tu?

chalii_wa_Sakina
Wakuu kwema? Nina jambo linanikera naomba wajuzi wa anga waje. Kila nikisoma habari za galaksi kugongana nakuta maneno yaleyale, kwamba zikikutana tu basi nyota zinaanza kuzaliwa kwa kasi ya ajabu. Mimi nimelikataa hilo. Kwanza nyota zenyewe hazigongani, jirani wa karibu kabisa wa jua letu ni Proxima Centauri na yuko mbali miaka ya nuru 4.24, sasa hata upitishe galaksi nzima ndani ya nyingine nyota zitapishana tu kila moja na njia yake. Alafu mifano inayotolewa ni ileile miaka nenda rudi, Antennae, Arp 220, M82. Galaksi ziko mabilioni huko juu mnanipa tatu? Nahisi watu walichagua zinazowaka wakaziacha zile zilizogongana zikakaa kimya. Nipingeni kwa hoja.

Mangi_Kibosho
Nimeshakaa siti ya mbele, wajuzi pitieni hapa.

Mwl_Fizikia_Uru
Chalii swali zuri sana, ila umeangalia nyota ukaisahau gesi. Nyota hazigongani ni kweli, lakini katikati ya nyota kuna mawingu ya haidrojeni na vumbi, mengine yana upana wa miaka ya nuru mamia, hayo hayawezi kupishana. Nyota inazaliwa pale wingu la baridi sana, tunaongelea nyuzi kama 260 chini ya sifuri, linapojikunja kwa uzito wake lenyewe. Kwaiyo swali la msingi ni mgongano unaifanyia nini gesi.
Kawaida gesi inazunguka kitovu cha galaksi na ule mzunguko ndio unaizuia isidondokee ndani. Galaksi nyingine ikipita karibu inaivuruga ile sahani ya nyota inakuwa kama mhimili mrefu, huo mhimili unaivuta gesi kinyume na mwendo wake, gesi inapoteza mzunguko, inaporomoka hadi kitovuni. Ni sawa na mfongo wetu huku mlimani, maji yanagawanywa mashamba mengi kila mtu anapata kidogo, siku mtu akiziba njia zote za pembeni yanashuka yote shamba moja. Hiyo picha ndugu wawili Alar na Jüri Toomre waliigusia tangu 1972 walipoonyesha kwa kompyuta kwamba ile mikia mirefu inatokana na mvutano tu, na miaka ya 90 Joshua Barnes na Lars Hernquist wakaiweka gesi kwenye hesabu ikaonekana inaporomoka kweli.

dereva_pori
Uzi mtamu huu. Mimi natembeza wageni, usiku tukiwa kambini Serengeti huwa wananiuliza haya mambo nabaki kuonyesha Msalaba wa Kusini tu. Naomba namba mwalimu, kwa kasi gani hasa? Galaksi yetu inazaa nyota ngapi kwa mwaka na hizo zilizogongana ngapi?

PCM_Moshi
@dereva_pori huwa wanahesabu kwa uzito siyo idadi. Galaksi yetu inageuza gesi ya uzito wa jua moja au mawili hivi kila mwaka. M82, ambayo ilivutana na jirani yake M81, ni kama mara kumi ya sisi. Arp 220 ni takriban uzito wa jua 200 kwa mwaka. Iyo Arp 220 ni galaksi mbili ambazo zimeshaingiliana kabisa, vitovu vyake viwili vimebakiza kama miaka ya nuru 1,200 tu vikutane, na gesi iliyojikusanya pale katikati kwenye eneo la miaka ya nuru 5,000 inakaribia gesi yote ya galaksi yetu nzima. Fikiria gesi yote hiyo imesukumwa kwenye kona moja.

chalii_wa_Sakina
@PCM_Moshi dogo namba safi, ila umenirudishia zilezile nilizozilalamikia 😂 Nataka wastani. Chukua jozi zote za angani, zinazowaka na zisizowaka, nipe wastani.

Mama_Tengeru
Wastani upo mwanangu, subiri nikupe. Mimi hii kazi ya kupanga picha za galaksi nimeifanya kwa kujitolea kwenye Galaxy Zoo, ule mradi ulioanza 2007 ambapo mtu yeyote anafungua picha anajibu maswali, ni ya mviringo au ina mikono, imevurugika au iko sawa. Ukipitisha picha nyingi jicho linazoea, unaona kamkia hafifu upande mmoja unajua huyu ana mgeni.
Watu waliochukua data ya Sloan, ule upimaji mkubwa wa anga, wakapanga maelfu ya jozi, mfano David Patton na wenzake 2013, walikuta hivi: galaksi ambayo jirani yake yuko karibu kabisa inazaa nyota mara mbili hadi tatu kuliko mwenzake wa aina ileile asiye na jirani. Ukiwatenganisha ongezeko linapungua polepole, ila bado linaonekana hata wakiwa mbali karibu miaka ya nuru laki tano. Kwaiyo chalii una haki nusu. Mara 100 siyo kawaida, kawaida ni mara mbili au tatu. Lakini sifuri pia siyo.

chalii_wa_Sakina
Asante sana mama, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Mara mbili au tatu ndio mnaita fujo?

fundi_redio_Njiro
Ngoja kwanza chalii yangu, usikimbie na iyo namba. Nyota changa zinazaliwa ndani ya vumbi, vumbi linameza mwanga wao wa bluu linautoa kama joto, yaani infraredi, jicho halioni na darubini za kawaida hazioni. Mpaka 1983 satelaiti ya IRAS iliporuka ndio watu wakashangaa kuna galaksi zinatoa nguvu kuliko jua trilioni moja na karibu zote kwenye infraredi. Walipozipiga picha vizuri zile kali kuliko zote wakakuta karibu kila moja imevurugika, mikia, vitovu viwili, kila dalili ya mgongano. Hapo hakuna aliyechagua kwa uzuri wa picha, zilichaguliwa kwa joto tu, alafu ndio mgongano ukaonekana.
Na hata Antennae yenyewe, ile picha maarufu ya darubini ya Hubble ya 1997 yenye vichala zaidi ya elfu moja vya nyota changa, sehemu kali kuliko zote haionekani pale. Satelaiti ya Ulaya ya ISO ilionyesha mwanga mkali zaidi wa infraredi unatoka pale galaksi mbili zinapolaliana, kwenye picha ya Hubble ukiangalia hapo unaona giza la vumbi.

chalii_wa_Sakina
@fundi_redio_Njiro sawa vumbi nimelielewa. Ila sasa umemgonga mwalimu. @Mwl_Fizikia_Uru ulisema gesi inaporomoka kitovuni, sasa mbona Antennae moto uko pale zinapolaliana na siyo kwenye vitovu?

Mangi_Kibosho
Mwalimu jibu, darasa limekaa kimya hapa 😂

Mwl_Fizikia_Uru
Antennae bado haijamaliza kuungana, kuporomoka kwenyewe kunakuja zaidi mwishoni. Chris Mihos na Hernquist katikati ya miaka ya 90 walionyesha galaksi yenye tumbo zito la nyota katikati inajishikilia, gesi haishuki haraka, mlipuko wa kuzaa nyota unachelewa mpaka vitovu viungane. Isiyo na tumbo inaachia mapema.

fundi_redio_Njiro
Mwalimu kwa heshima zote hapo hujanijibu. Kuchelewa kitovuni hakuelezi kwa nini pale pembeni pamewaka sasa hivi. Kuna maelezo mengine, kwamba gesi haihitaji kusafiri popote, inabanwa palepale ilipo. Romain Teyssier na wenzake 2010 waliiga Antennae kwa kompyuta lakini kwa undani zaidi, wakaona mgongano unaivuruga gesi inapasuka mawingu mazito kila mahali, nyota zinazaliwa hadi nje ya kitovu. Florent Renaud 2014 akasema mvutano wenyewe kuna sehemu unabana badala ya kuchana. Kwaiyo gesi ni ileile ila inageuka nyota kwa haraka zaidi. Hayo ni maelezo mawili tofauti kabisa, moja linasema gesi imehamishwa lingine linasema gesi imebanwa.

kahawa_ya_Machame
Mkibana gesi ikapata joto si ndio inatawanyika? Mimi siyo mtaalamu ila ukiijaza pampu ya baiskeli inachemka.

Mama_Tengeru
@kahawa_ya_Machame umegusa penyewe. Angalia Stephan's Quintet, kundi la galaksi tano zinazoonekana pamoja, ile picha ambayo darubini ya Webb ilitoa Julai 2022. Kuna galaksi inaitwa NGC 7318b inaingia kwenye kundi la wenzake kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 800 kwa sekunde, gesi pale imepigwa mpaka imetengeneza ukuta mrefu wa mshtuko, haidrojeni iko tele lakini imechafuka na imepata moto, nyota zinazozaliwa kwenye ule ukuta ni chache mno ukilinganisha na gesi iliyopo. Mgongano upo, gesi ipo, nyota hazipo. (Na ile galaksi ya tano, NGC 7320, haihusiki, iko mbele tu umbali wa miaka ya nuru kama milioni 40 wakati wenzake wako milioni 290.)

chalii_wa_Sakina
EEEH. Mama nimekupenda bure. Hiyo ndiyo niliyoisema, zilizogongana zikakaa kimya.

PCM_Moshi
Ila kaka usiichukue moja ukaifanya sheria, si ndicho ulichotulaumu sisi?

NyotaZaKusini
Naona mnazunguka mbali wakati mgongano mnao juu ya vichwa vyenu. Mawingu ya Magellan, Kubwa liko miaka ya nuru 160,000 na Dogo kama 200,000, ni galaksi ndogo mbili zilizogongana zenyewe kwa zenyewe, na kati yao kuna daraja la gesi lenye nyota changa ndani yake. Nyota changa haziwezi kuwa zimetembea kutoka mbali, zimezaliwa humo humo darajani. Na ndani ya Wingu Kubwa kuna Tarantula, kiwanda kikubwa cha nyota kuliko vyote kwenye ujirani wetu wa galaksi. Ingekuwa karibu kama lile wingu la Orion linalozaa nyota, miaka ya nuru 1,300 hivi, ingetutupia vivuli usiku.

dereva_pori
@NyotaZaKusini yanaonekana Arusha kwa macho?? Nielekeze mkuu, wageni wanakuja Januari.

NyotaZaKusini
Januari ndio penyewe. Mishale ya saa tatu usiku geukia kusini kabisa, nyoosha mkono, panga ngumi mbili na kidogo kutoka usawa wa ardhi. Utaona doa kama wingu lisilosogea, hilo ni Wingu Kubwa. Dogo liko kulia kwake na chini kidogo. Uwe mbali na taa, Monduli upande wa bondeni au ukishaingia Simanjiro, na mwezi usiwepo. Mpe macho nusu saa bila kugusa simu. Ukiwa na bainokula zile mnazoangalizia simba, Tarantula inaonekana kama kidoa kidogo kwenye kingo ya wingu.

Mangi_Kibosho
Watu wa Moshi tumebarikiwa, kusini kwetu kweupe hadi TPC na Kilimanjaro uko mgongoni hauzibi.

NyotaZaKusini
Tena hata kaskazini hauwazibi sana mangi. M82 yenyewe ikifika juu kabisa kutokea Moshi inakuwa nyuzi 17 hivi, inapita juu ya Kibo. Shida yake inapanda vizuri jioni za Aprili na Aprili huku ni masika, mawingu mwanzo mwisho. Antennae nayo ni Aprili na Mei, iko karibu na utosi, ila bila darubini ya maana usijisumbue.

Babu_wa_Marangu
Wanangu hamjambo. Sisi tulikua umeme haujafika huku juu, hilo doa la kusini tulikuwa tunaliona kila mwaka wakati wa kiangazi cha Januari na hakuna aliyetuambia ni galaksi. Nauliza, na hii yetu nayo itagongana? Nilisikia Andromeda inakuja.

PCM_Moshi
Shikamoo babu. Inakuja kwa kilomita 110 kwa sekunde, bado iko miaka ya nuru milioni 2.5. Watu wa Hubble 2012 walisema miaka bilioni 4 ijayo zinagongana.

Mama_Tengeru
Shikamoo mzee wangu. Hilo la bilioni 4 limerekebishwa, 2025 Till Sawala na wenzake walirudia hesabu wakaingiza mvuto wa Wingu Kubwa la Magellan na galaksi ya M33, wakapata uwezekano wa kama nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10. Zinaweza kupishana tu. Na hata zikigongana kufikia hapo gesi itakuwa imetumika sana, kwaiyo tusitegemee Arp 220 nyingine.

Babu_wa_Marangu
Marahaba wote. Nimeshukuru.

PCM_Moshi
Poa mama, hiyo ya 2025 naiweka kwenye notisi. Basi kuna ambayo tayari imetupitia babu. Galaksi ndogo ya Sagittarius iligunduliwa 1994, inaizunguka ya kwetu na inachanwa taratibu. Mwaka 2020 Tomás Ruiz-Lara na wenzake walitumia data ya satelaiti ya Gaia wakaona galaksi yetu iliongeza kuzaa nyota kama miaka bilioni 5.7 iliyopita, kisha bilioni 1.9, kisha bilioni 1, na nyakati hizo zinaendana na Sagittarius ilipopita karibu. Tena iyo ni galaksi ndogo tu.

fundi_redio_Njiro
Kuendana kwa nyakati siyo sababu dogo, kuna mambo mengine ya ndani ya galaksi yanaweza kuwasha nyota. Ila inavutia, sikatai. Na mnajua jua letu lina miaka bilioni 4.6, mlipuko wa kwanza hapo uko jirani kidogo na umri wake, mtu akiniambia kuna uhusiano sitamcheka ila atanionyesha ushahidi.

chalii_wa_Sakina
Turudi kwenye hoja. Hata kama jozi za leo ziko mara mbili au tatu, je kwenye hesabu kubwa ya ulimwengu migongano imechangia nyota ngapi? Nyota nyingi tunazoziona zilizaliwa kwa mgongano au kwa utulivu?

Mama_Tengeru
Kwa utulivu. Giulia Rodighiero 2011 na kundi lake waliangalia enzi ya miaka kama bilioni 10 iliyopita, wakati ulimwengu unazaa nyota kuliko wakati wowote, wakakuta zile zinazozaa nyota kupita kiasi ni asilimia 2 tu ya galaksi zinazozaa nyota na zinachangia asilimia 10 tu ya nyota zote zinazozaliwa. Zilizobaki zilikuwa na gesi tele kutoka nje, zinazaa bila kusubiri kugongwa. Galaksi ikishajaa gesi mgongano hauna kikubwa cha kuiongezea.

Mwl_Fizikia_Uru
Hapo mama nakuunga mkono lakini tusiache upande wa pili. Umuhimu wa mgongano siyo idadi ya nyota peke yake, ni kinachofuata. Gesi ikishaporomoka, nyingine inaliwa na nyota, nyingine inalisha shimo jeusi la katikati, na lile shimo linapopuliza linaifukuza iliyobaki. Ndiyo hesabu ya Volker Springel, Tiziana Di Matteo na Hernquist 2005. Galaksi inazima, inabaki nyekundu ya duara. Na 2022 Sara Ellison wa Kanada alionyesha galaksi ambazo zimetoka kuungana zina uwezekano mara 30 hadi 60 zaidi wa kuwa zimezima ghafla kuliko zile ambazo hazikugongana. Yaani mgongano huohuo unawasha na unazima.

kahawa_ya_Machame
Mwalimu kama ni shimo jeusi mbona nyingine zinazima na gesi bado wanaikuta humo ndani? Nilisoma kuna galaksi zimeacha kuzaa nyota juzi tu kwa saa za anga na bado zina gesi ya kutosha.

Mwl_Fizikia_Uru
Zipo kweli. Hapo wengine wanasema gesi haikufukuzwa, imevurugwa tu kiasi kwamba haiwezi kujikunja. Ni kama mama alivyosema kwa Quintet.

fundi_redio_Njiro
Kwaiyo vurugu inawasha Antennae na vurugu hiyohiyo inazima nyingine. Tutachaguaje?

NyotaZaKusini
Mimi naona mnaliacha la mwelekeo. Paola Di Matteo (huyu ni mwingine siyo yule wa mwalimu) 2007 aliiga migongano mingi sana, akakuta nyingi haziwashi kitu cha kutisha, na zile zinazokutana kwa kishindo kikubwa mara ya kwanza mara nyingi mwishoni zinazaa kidogo, kwa sababu gesi nyingi ilishatupwa kwenye mikia. Galaksi inayozunguka upande uleule na mwendo wa mgeni inapoteza gesi nyingi kwenye mikia, inayozunguka kinyume inaibakiza. Kwaiyo jozi mbili zenye gesi sawa zinaweza kutoa matokeo tofauti kabisa. Ndiyo maana wastani unatoka mara mbili au tatu, umechanganya zote.

chalii_wa_Sakina
Hii ya mwelekeo ndiyo imenikamata. Inamaanisha "mgongano" siyo kitu kimoja. Ila bado nasimama palepale, mpaka mtu anipe jozi zilizopangwa kwa kiasi cha gesi kwanza, siamini kwamba mgongano ndio unafanya kazi na siyo gesi.

Mama_Tengeru
Hiyo inawezekana kufanyika hapahapa. Data ya Sloan iko wazi, na vipimo vya haidrojeni vya ALFALFA, vilivyopimwa na ile darubini ya redio ya Arecibo kabla haijaanguka 2020, viko wazi pia, galaksi zaidi ya 31,000. Unachukua jozi, unazioanisha na zisizo na jirani zenye gesi sawa na uzito sawa, unaangalia kama tofauti inabaki. Mimi data ninayo, ninachokosa ni mtu wa kuandika programu na intaneti isiyokatika usiku.

PCM_Moshi
Python naijua kiasi mama, niko likizo. Nipo.

fundi_redio_Njiro
Angalizo moja kabla hamjaanza. ALFALFA inapima haidrojeni ya atomi, ile iliyotawanyika nje. Nyota zinazaliwa kwenye haidrojeni ya molekuli na hiyo inapimwa kwa monoksidi ya kaboni. Kuna upimaji wa hiyo gesi unaitwa xCOLD GASS, una galaksi 532 tu, ukitoa zisizo na jirani wa karibu utabaki na chache sana. Alafu kwenye jozi iliyokaribiana sana, sahani ya Arecibo ilikuwa inazisikia zote mbili kama moja, hutajua gesi ni ya nani.

Mama_Tengeru
Naijua hiyo shida fundi, ndio maana tutaanza na zilizoachana vya kutosha tuone kama lile ongezeko dogo la mbali linabaki tukisawazisha gesi. Likipotea chalii atakuwa na hoja nzito. Likibaki atatuambia yeye limetoka wapi.

chalii_wa_Sakina
Nakubali masharti. Mniambie tu mnakutana lini Tengeru, nakuja na modemu yangu.